Nta Haimwagwi Kwenye Sinki

Maji yalianza kutoka Jumamosi saa nne asubuhi, na hayakutoka yanakopaswa kutoka. Yalipanda kwenye tundu la sinki la msusi, nyumba namba mbili, chini kabisa ya jengo, yakajaa, yakafurika, yakatandaa sakafuni na mabaki ya ghorofa zote nne: majani ya chai, maganda ya nyanya, punje za wali wa watu ambao hata salamu hawampi. Msusi alikuwa na wateja watatu sebuleni. Mmoja alikuwa amesukwa upande wa kulia tu, upande wa kushoto nywele zimesimama kama ufagio. Alipoona maji yanamfikia viatuni alinyanyua miguu, kisha mkoba, kisha akaondoka hivyo hivyo na kichwa chake nusu, bila kulipa hata ile nusu.

Msusi akatoka uani, akainua uso kuyatazama madirisha ya jikoni yaliyopangana moja juu ya jingine.

"Fungeni maji!" alipaza sauti. "Nyie mnaooshea vyombo juu ya kichwa changu, fungeni maji!"

Hakuna aliyefunga. Kila jiko lilidhani anaambiwa jirani. Ndivyo jengo lile lilivyokuwa: bomba moja la maji machafu, ngazi moja, lango moja, na nyumba nane za watu wasiopendana.

Mshtakiwa alirudi kutoka kazini saa saba mchana, akakuta kesi imekwisha kusikilizwa na hukumu imetoka. Alikuwa mfuaji wa hospitali. Siku sita kwa wiki alitumbukiza mashuka kwenye mashine kubwa, mashuka yenye kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa, na siku ya saba alitengeneza mishumaa. Jengo zima lilimwita Mama Mishumaa, na si kwa mapenzi.

Walikuwa wamejipanga kwenye ngazi. Mwalimu mstaafu wa nyumba namba tatu, mwenyekiti wa wapangaji, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu na daftari lake magotini. Msusi alisimama chini, sketi imelowa mpaka magotini, ndoo mkononi.

"Karibu, bibi harusi," msusi alisema. "Njoo uone zawadi zako."

"Kuna nini?"

"Kuna nini! Nta yako imeziba bomba, uchafu wa watu wote umeingia kwangu, halafu unauliza kuna nini."

"Nta yangu haijawahi kuingia kwenye sinki. Hata tone."

Watu wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomuudhi, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Kama kuna mtu katika mji ule aliyejua nta ilivyo, ni yeye. Aliiyeyusha katika sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maana nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja. Aliimimina kwenye kalibu taratibu, akaigongagonga kwa kijiko mapovu yatoke, akangoja. Ikipoa hubonyea katikati, pale kwenye utambi, hivyo lazima umimine mara ya pili, na wengi huwa hawana subira ya mara ya pili. Alipomaliza alifuta sufuria kwa magazeti ingali na joto, kisha akaifuta tena, na magazeti yakaenda kwenye debe la taka. Maji ya moto hayaondoi nta, huisogeza tu ikagande mbele ya safari. Alimwambia hivyo kila aliyeingia jikoni kwake, mpaka mama mkwe wake akawa anaisema kwa kumwigiza sauti: nta haimwagwi kwenye sinki.

Lakini nani angemsikiliza? Kosa lake kubwa lilikuwa jingine, na walikuwa nalo moyoni miaka mingi. Watu walimuuliza mishumaa hiyo anauza bei gani, naye akajibu hauzi. Anatengeneza tu. Anapenda. Mtu wa nyumba ya kupanga, mfuaji, mwenye mtoto wa kusomesha bweni, anakaa Jumapili nzima anamimina kitu ambacho hauzi! Angekuwa anauza wangempa pole kwa shida zake. Angekuwa mwizi wangemwelewa. Kupenda tu kuliwakera kama dharau.

"Lisemwalo lipo," alisema mwalimu mstaafu, akifungua daftari. "Kesho asubuhi fundi bomba anakuja. Nimeandika hati hapa. Ikikutwa nta, nyumba namba nane itasaini kwamba haitatengeneza mishumaa tena ndani ya jengo hili. Msiposaini, nampelekea mwenye nyumba barua, na mwisho wa mwezi mtafute kwingine. Ameshakubali kwa simu."

"Na isipokutwa, mwalimu?"

"Isipokutwa, jirani yako wa chini atakuomba radhi."

"Nani, mimi?" msusi akasema.

Mfuaji akashusha mkoba begani. Alikuwa amesimama tangu saa kumi na mbili alfajiri, miguu imevimba, na watu walikuwa wamemzibia njia ya kwenda kwake.

"Sikilizeni," alisema. "Ikikutwa nta kwenye bomba hilo, nitasaini kwa mkono wangu huu, mbele yenu wote. Na sufuria zangu, kalibu zangu, kila kitu, nitakupa wewe dada ukaoshee nywele za watu. Sasa nipisheni."

Wakampisha, shingo upande.

* * *

Mume wake alifika saa tisa, na koti la kampuni ya umeme begani. Alikuwa msoma mita. Kazi yake ilikuwa kutembea nyumba kwa nyumba akiandika namba ambazo wenye nyumba huzipinga, na kwa hiyo alikuwa amezoea kutukanwa kwa utaratibu, bila kujibu. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha. Macho yalikuwa yamepungua nuru. Ulimi ulikuwa mzima.

"Umesikia aliyoyafanya mkeo?" alianza mama. "Kaapa. Mbele ya jengo zima. Kama mtoto."

"Nimesikia ngazini," mume alisema. Akamgeukia mkewe. "Kwa nini uliapa?"

"Kwa sababu najua."

"Unajua nini? Bomba la nyumba nane hilo. Ungesema tu hujui."

"Lakini najua. Nta haimo humo. Wataona nywele za yule dada, donge la nywele kama paka."

Mume alikunywa maji glasi nzima akiwa amesimama, akajaza nyingine, akainywa.

"Saini tu yaishe," alisema. "Leo leo. Shuka umwambie mwalimu unasaini."

"Nisaini kosa ambalo si langu?"

"Mishumaa yenyewe imekuletea faida gani?"

Mke alimtazama kama hakusikia vizuri. "Wewe ndiye unayeniuliza hivyo? Wewe unayesema bosi wako hawezi kukaa bila mishumaa yangu?"

Mume akaanza kufungua kamba za viatu. Na hapo ndipo palipokuwa na kitu pekee kizuri kilichoingia nyumba ile mwaka ule. Miezi mitatu iliyopita, msoma mita alisikia kuna nafasi ya usimamizi kazini, akaomba mishumaa kumi na miwili ampelekee bosi kama zawadi. Mke alitengeneza ya zambarau, akaikeshea kama mtihani. Mume alirudi akasema bosi ameishika mmoja mmoja, amesema tangu azaliwe hajaona zambarau iliyotulia hivyo. Mke akauliza, je, angependa mingine? Mume akasema angependa. Akatengeneza ya njano yenye harufu ya limau. Mume akarudi na habari kwamba mke wa bosi alizima taa makusudi, umeme ukiwepo, ili wale chakula kwa mwanga wake. Mwezi uliofuata ikawa ya kijani, ya mchaichai, na bosi eti haiwashi, ameiweka mezani ofisini, anainusa tu akichoshwa na watu.

Mfuaji alikwenda nayo kazini maneno hayo. Aliyarudia kimoyomoyo mashine zikinguruma. Mke wa mtu mwenye gari na ofisi amezima taa makusudi. Jamani, mtu asikudanganye kwamba sifa si chakula.

"Mimi hata sijui mnabishana nini," mama mkwe alisema kutoka dirishani. "Nyumba hii inanuka nta kila siku. Hata Alhamisi inanuka."

"Alhamisi niko kazini, mama. Mimi nayeyusha Jumapili tu."

"Basi pua yangu inaota ndoto."

"Mama, pumzika," mume akasema, akainuka na kiatu kimoja mguuni, akaenda chumbani akafunga mlango.

* * *

Fundi bomba alikuwa mwembamba, mwenye mdomo mwingi, na alipenda kufanya kazi akitazamwa. Jumapili saa tatu alikuta watazamaji tayari. Watu walikuwa wameshuka na viti. Uani, nyuma ya jiko la msusi, bomba lilishuka ukutani, kisha likakunja kiwiko kabla ya kuingia ardhini, upande ambao jua halifiki. Fundi aliligonga kwa bisibisi kuanzia juu. Likalia tupu, tupu, tupu. Kwenye kiwiko likalia kama gogo.

"Mgonjwa ni huyu," alisema. "Ana kitu tumboni."

Akachukua msumeno. Alikata juu ya kiwiko, maji meusi yakamwagika kwenye karai, watu wakarudi nyuma wakiziba pua. Akakata chini yake. Kipande kikamwangukia mikononi, kizito, akakitupia jicho upande mmoja, kisha akapiga mluzi.

"Mama mwenye mishumaa yupi?"

"Mimi."

"Hongera. Huu ndio mkubwa kuliko yote uliyowahi kutengeneza. Umesahau utambi tu."

Jengo likalipuka. Msusi alipiga makofi, akazunguka, akapiga tena. "Si nilisema! Si nilisema! Hata tone, alisema! Hebu leteni hilo tone tulipime kilo!" Mwalimu mstaafu alifungua kalamu. Mtu wa namba tano, ambaye hakuwa na kesi na mtu yeyote, alimwita mwongo kwa sababu wenzake wote walikuwa wanasema kitu. Mfuaji alisimama katikati yao. Alijua hakumwaga. Na nta ile pale.

Na hapo mume wake akasema. Hakuna aliyemuuliza. Alisogea mbele na koti lake la kampuni, akainua mikono kama mtu anayejitenga na najisi.

"Ndugu zangu mnisamehe. Mimi nilimwambia aache. Mara ngapi nimemwambia? Mke wangu hasikii. Nyumbani nalala na harufu, nakula na harufu, lakini mtu akishaamua kuwa kichwa ngumu utamfanyaje?"

"Pole, baba," mtu akasema.

"Asante."

Mke hakugeuka. Alikuwa anaangalia kipande cha bomba mikononi mwa fundi, pale kilipokatwa na msumeno. Nta ilikuwa imeshika ukuta wa bomba, ikabana ndani pole pole, duara ndani ya duara. Duara la nje kabisa lilikuwa zambarau. La pili lilikuwa njano. Katikati, mviringo mdogo kama sarafu, kijani.

Akasogea, akainama, akanusa. Chini ya uvundo wote ule kulikuwa na mchaichai.

Alielewa yote kwa mkupuo, akakunja mikono kifuani. Zambarau ya mwezi wa kwanza. Njano ya mwezi wa pili. Kijani. Kwa mpangilio, kama alivyoipeleka.

"Mama, tunakungoja," alisema mwalimu mstaafu. "Uliahidi mbele ya watu."

"Nitasaini, mwalimu. Ahadi ni deni. Lakini kwanza naomba umwandikie mtu mmoja barua."

"Mtu gani?"

"Bosi wa mume wangu. Hii zambarau nimeitengeneza mara moja tu maishani, mishumaa kumi na miwili, yote akapelekewa yeye. Njano hii ni yake. Kijani hiki kiko mezani kwake ofisini, anakinusa akichoka. Nimeambiwa hivyo na mume wangu huyu. Kwa hiyo ama rangi zangu zina mapacha, ama bosi wa kampuni ya umeme anakaa ndani ya bomba letu. Naomba mumtoe, maskini, atakuwa amelowa."

Fundi bomba, ambaye hakuwa na ndugu pale, akaangua kicheko, na msusi akafuata, kwa sababu msusi hakuwa na adui wa kudumu, alitaka mtu tu. Macho yote yakahama kutoka kwa mke yakaenda kwa mume.

"Baba," alisema mwalimu mstaafu. "Eleza."

"Nieleze nini?"

"Nta imefikaje humu?"

Msoma mita alitazama lango. Lilikuwa mbali na watu walikuwa wengi. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo, ile aliyoitumia kwenye milango ya wateja.

"Bosi aliirudisha," alisema.

"Hatusikii huku nyuma!"

"Bosi aliirudisha! Ile ya kwanza. Nilimpelekea kwenye mkutano wa asubuhi, nimeifunga kwenye karatasi ya zawadi. Umeme ulikuwa unakatika wiki nzima, watu wanatutukana dirishani. Akafungua mbele ya wote. Akaniuliza, wewe, kampuni ya umeme, unaniletea mishumaa? Unanidhihaki? Nikamwambia hapana mzee, ametengeneza mke wangu. Akasema basi mkeo ndiye anayenidhihaki. Akanirudishia. Jina langu likaondolewa kwenye ule usimamizi. Mpaka leo kazini wananiita Mshumaa."

Hakuna aliyekuwa na huruma ya kumwambia inatosha.

"Kutupa nisingeweza. Kila mtu mtaa huu anaijua mishumaa yake, ningetupa popote mtu angemrudishia. Nikaiyeyusha Alhamisi, yeye akiwa kazini, na ile ya njano na ya kijani, ambayo sikuipeleka kabisa, nikaifanya vivyo hivyo. Nikamwaga na maji ya moto. Ilikuwa inakwenda vizuri tu, kama mafuta."

"Kama mafuta!" fundi alirudia kwa furaha. "Mtu wa umeme huyu!"

Kicheko kilipanda ukutani mpaka ghorofa ya nne. Kilimpanda na mkewe, lakini hakucheka. Hakuwa amejua habari za mkutano ule. Alikuwa ametaka kujitetea na kumchoma kidogo. Hakujua kwamba anamtoa mtu ambaye ameshachekwa mahali pengine, ili achekwe tena. Akamwona amesimama na koti lake, shingo imezama mabegani, akamwonea uchungu. Kisha akakumbuka: ndugu zangu mnisamehe, mimi nilimwambia aache. Uchungu ukageuka sura.

Mwalimu mstaafu alikuwa bado ameshika hati. Mwalimu hapotezi karatasi iliyokwisha kuandikwa.

"Hata hivyo," alisema, "nta ni nta. Bomba halijui mume wala mke. Mkuu wa kaya asaini."

Akamnyooshea mume kalamu. Na mume akaipokea! Aliipokea haraka, kwa mikono miwili, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kutokea. Aliinama juu ya daftari kusaini kwamba mkewe hatatengeneza tena mishumaa.

Mke alilivuta daftari chini ya kalamu. Mstari wa wino ukabaki umepita ukurasa mzima.

"Mwalimu, niliahidi kwa kuwa mlinishtaki kwamba nimemwaga nta. Niambie mbele ya watu hawa, nimeimwaga mimi?"

Mwalimu mstaafu alikohoa. Aliangalia watu wake. Hukumu alikuwa ameileta kutoka nyumbani, na sasa haikumtosha mtu.

"Mwacheni mwanamke," alisema msusi, akifuta machozi ya kicheko. "Wa kukatazwa ni huyu. Andika, mwalimu: mwanamume wa namba nane haruhusiwi kushika sufuria. Na fundi alipwe naye, na sakafu yangu aioshe yeye, leo, kwa mikono yake hiyo ya kumwagia."

Ikaandikwa. Msoma mita akasaini, kwa sababu kalamu alikuwa nayo tayari. Radhi hakuombwa mtu yeyote.

* * *

Alipomaliza kuosha sakafu ya msusi ilikuwa saa nane. Alipanda ngazi na suruali imelowa, milango ikifunguka kidogo kila ghorofa ili watu wamwone. Mkewe alikuwa mezani, anakunja nguo za kazi za wiki.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema.

"Ulikuwa umekaa unatazama nikivuliwa mimi. Tena ulisaidia kufungua vifungo."

"Ningekuambia nini? Kwamba ameirudisha? Kwamba amekuita wewe mwenye dhihaka?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Ungelia."

"Ningelia siku moja," mke alisema. "Wewe umenifurahisha miezi mitatu kwa uongo. Sasa nifanye nini na furaha hiyo? Niirudishe wapi?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. "Mimi nilisema Alhamisi inanuka," alisema.

"Ulijua, mama?"

"Pua ilijua."

"Na hukuniambia."

"Mtoto ni wangu," mama alisema bila aibu yoyote. "Ningekuzaa wewe ningekuambia wewe."

Mke akakunja gauni la kazi, akalifungua, akalikunja upya. Kitu kilikuwa kinamsumbua ambacho si bomba wala hati.

"Yale maneno," alimuuliza mumewe. "Zambarau iliyotulia. Mke wa bosi kuzima taa umeme ukiwepo. Hayo aliyasema nani?"

"Hakuna aliyesema."

"Nani aliyatunga?"

"Mimi. Kwenye basi, nikirudi. Nilikuwa nalo boksi mapajani, nanusa."

"Wewe."

"Mimi."

"Kumbe ulikuwa nayo," mke alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mama mkwe akageuza kichwa ili asikie vizuri zaidi. "Miaka kumi na sita nimekaa nawe. Nikipika unasema chumvi. Nikivaa unauliza tunachelewa. Nikadhani Mungu hakukupa, watu wengine hawakupewa. Kumbe maneno unayo, mazuri hivyo, umeyaweka! Mpaka umpe mtu wa bure ayaseme, mtu ambaye hata hayupo!"

Mume alifungua mdomo. Palikuwa na nafasi ya kusema, nyumba nzima ilikuwa inangoja. Akasema suruali imelowa, anakwenda kubadili.

* * *

Jumapili iliyofuata mke aliteleka maji mapema. Sufuria kubwa, sufuria ndogo ndani yake. Hakutia rangi wala harufu. Aliyeyusha bonge la nta nyeupe, akamimina mara ya kwanza, akagonga, akangoja saa nzima mikono imekunjwa, akamimina mara ya pili. Dirisha la jiko lilikuwa wazi na watu wa chini walikuwa wanajua anachofanya. Hakuna aliyepiga kelele. Msusi alimwaga maji uani kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika, basi.

Mume alikuwa nyumbani. Tangu wiki ile ianze walikuwa wameongea habari za ada ya bweni na gesi, kisha wakaishiwa. Alizungukazunguka sebuleni, akarekebisha swichi isiyo na ubovu, mwishowe akaja kusimama kwenye mlango wa jiko, akakumbuka hati, akabaki kizingitini.

Mke aliipindua kalibu ya mpira, akaikamua kidogo kwa vidole, na mshumaa ukateleza kiganjani. Ulikuwa mmoja tu, mnene, mweupe, hauna tundu wala ufa wala povu. Katika miaka yote ile hakuwa ametoa mwingine uliokamilika kama huo. Aliuinua dirishani akauzungusha.

Mume alikuwa amejiandaa. Usiku alikuwa amelijaribu neno hilo mdomoni, na asubuhi alipokuwa ananyoa. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, kwa sababu safari hii halikuwa na bosi wa kulibeba.

"Huo umetoka mzuri," alisema. "Sijawahi kuona mzuri hivyo."

Mke hakugeuka.

"Nani kasema?"

"Mimi. Mimi mwenyewe."

Aliutazama mshumaa tena, upande huu na upande ule, akitafuta kama ni kweli. Kisha akaushika utambi kwa meno ya koleo, akauvuta wote, akaurudisha mshumaa kwenye sufuria ndogo na kuongeza moto. Ulisimama kidogo, ukalegea upande mmoja, ukaanza kukaa chini. Mume alibaki ameshika fremu ya mlango, anautazama unavyokwenda, neno lake likiwa limemwisha mdomoni.

"Sogea," mke akasema. "Unaniziba mwanga."